Saratani Inayosikia Mbiu

Majibu ya kinyama cha shangazi yangu yalikuja kwenye karatasi moja: mistari minne iliyochapwa na mhuri wa bluu. Mstari wa mwisho ulisema ni saratani ya titi, ukaishia hapo. Tulikuwa tumeyasubiri kwa wiki tano. Daktari wa hospitali ya pili aliisoma karatasi ile, akaigeuza kuona kama nyuma kumeandikwa kitu, kisha akauliza, "Vipokezi viko wapi?" Shangazi alidhani anadaiwa risiti ya malipo. Akafungua mkoba, akaanza kupekua.

"Hapana, mama, si risiti," daktari alimwambia kwa upole. "Kuna saratani zinazosikia homoni na kuna zisizosikia. Hii yako bado hatujaiuliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma habari hizi. Nyuma ya swali la daktari yule kuna kazi ya zaidi ya miaka 120. Dawa nyingi zinazorefusha maisha ya wanawake wenye saratani ya matiti na wanaume wenye saratani ya tezi dume zimetokana na swali hilohilo: je, seli hizi zinasikiliza nini? Na kwetu, nimegundua kwa uchungu, swali hilo hukwama mahali padogo mno. Hukwama kwenye kopo la plastiki lenye kinyama, njiani kati ya chumba cha upasuaji na maabara.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mwili nao huendeshwa kwa mbiu. Ovari za mwanamke hutoa estrojeni, korodani za mwanamume hutoa testosteroni, na homoni hizo husafiri ndani ya damu zikipita kila mtaa wa mwili. Damu ileile hufika masikioni na kifuani, lakini binti anapobalehe ni matiti yanayochomoza, si masikio. Tofauti haiko kwenye mbiu. Iko kwa anayesikia. Seli za titi zina protini maalumu inayoidaka estrojeni ikipita, na seli za tezi dume zinayo inayodaka testosteroni. Protini hiyo ndiyo kipokezi.

Saratani ya viungo hivi viwili huanza ndani ya seli ambazo tangu mwanzo zilizoea kusikiliza, na mara nyingi huendelea kusikiliza hata baada ya kuasi. Hapo ndipo penye upenyo.

Wa kwanza kuupata upenyo huo alikuwa daktari wa upasuaji wa Glasgow, Scotland, jina lake George Beatson. Katika ujana wake alikaa jirani na shamba la kondoo, akavutiwa na namna wanakondoo wanavyoachishwa kunyonya, akaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya utokaji wa maziwa. Katika kusoma kwake alikuta kwamba wafugaji wa baadhi ya nchi humtoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa wakitaka maziwa yaendelee. Ilikuwaje kiungo kilichoko tumboni kitawale kiungo cha mbali nacho kabisa? Hakuna aliyeweza kumjibu. Neno homoni lenyewe lilikuja kutungwa mwaka 1905. Hata hivyo Beatson alithubutu kuwaondoa ovari wanawake wachache waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, na mwaka 1896 akachapisha katika jarida la Lancet habari ya vivimbe vilivyonywea.

Madaktari wengine wakaufuata upasuaji ule. Kufikia mwaka 1900 ilikuwa imeonekana kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu ndiye aliyenufaika. Wawili waliobaki walipasuliwa bure. Tena wakati ule upasuaji wa tumbo ulikuwa hatari yenyewe. Kwa nini huyu apone maumivu na yule asipone, ilhali wote wana saratani ya titi? Swali hilo lilikaa zaidi ya nusu karne bila jibu.

Kwa wanaume njia ilifunguliwa Chicago na Charles Huggins, daktari wa mfumo wa mkojo aliyezaliwa Kanada. Alianza na mbwa, kwa kuwa mbwa ni miongoni mwa wanyama wachache ambao tezi dume yao huvimba uzeeni kama ya binadamu. Aliona mbwa akihasiwa, tezi husinyaa. Mwaka 1941, pamoja na Clarence Hodges, alionyesha kwamba wanaume wenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa hupata nafuu wakiondolewa korodani au wakipewa homoni ya kike. Huggins hakutegemea maneno ya wagonjwa peke yake. Alipima katika damu kimeng'enya kinachotolewa na seli za tezi dume, akakiona kikishuka baada ya upasuaji na kupanda mtu akichomwa testosteroni. Huo ulikuwa ushahidi wa maabara kwamba saratani inalishwa na ishara ya mwili wenyewe. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Upasuaji huo wa 1941 haujawa historia kwetu. Katika hospitali za Tanzania, Kenya na Uganda wanaume bado huondolewa korodani kwa saratani ya tezi dume, kwa sababu ni tiba ya siku moja, gharama yake ni ndogo na haihitaji mtu kurudi kila mwezi kuchomwa sindano. Ipo njia nyingine ya sindano, iliyotokana na kugunduliwa kwa homoni ya ubongo inayoamuru korodani na ovari zifanye kazi, ugunduzi uliowapa Andrew Schally na Roger Guillemin Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Sindano hizo huishia palepale: testosteroni inashuka hadi karibu na sifuri. Lakini ni lazima zirudiwe, mara nyingi kila mwezi au kila miezi mitatu, na mzee wa kijijini akikosa nauli au hospitali ikiishiwa dawa, mbiu inalia upya.

Nimekaa na wazee waliokataa upasuaji. Sababu yao haihitaji kufasiriwa kwa mtu aliyekulia penye mifugo: hawataki kuwa maksai. Neno hilo wanalitamka wenyewe. Sioni haki kuwabeza. Kupoteza hamu ya tendo la ndoa, joto la ghafla usiku, mifupa kudhoofika, misuli kupungua, hayo ni mambo ya kweli na huja na sindano vilevile kama yanavyokuja na kisu. Ninachowalaumu wahudumu ni kutowaambia kwamba njia zote mbili zina mwisho mmoja, ili mzee achague akijua. Maumivu ya mifupa yanayomkosesha mtu usingizi yanaweza kupungua ndani ya siku chache. Mke anastahili kuwepo chumbani maneno hayo yanaposemwa.

Turudi kwa swali la wale wawili kati ya watatu. Jibu lilitoka chuo kikuu kilekile cha Chicago, kwa mwanakemia Elwood Jensen. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliitia estrojeni haidrojeni yenye mionzi ili aweze kuifuatilia inakokwenda mwilini, akaidunga katika panya wa kike. Katika misuli na figo homoni ilipita ikaondoka. Katika mfuko wa uzazi na viungo vingine vinavyoitika estrojeni ilishikwa, ikabaki. Kulikuwa na kitu kinachoidaka. Jensen alikifuata kitu hicho hadi kwenye vivimbe vya saratani ya matiti, na ikadhihirika kwamba vivimbe vyenye kipokezi hicho ndivyo kwa sehemu kubwa vinavyonywea ovari zikiondolewa, na visivyo nacho havisikii lolote. Wanawake wale waliopasuliwa bure tangu siku za Beatson, kosa halikuwa la daktari wala la mgonjwa. Saratani zao zilikuwa hazina sikio.

Kabla ya hapo matibabu yote yalikuwa ya kumnyamazisha mpiga mbiu. Sasa ikawezekana kufikiria kuziba sikio, na dawa ya kuziba ilikuwa tayari rafuni, imeshindwa kazi nyingine. Mwaka 1962 mwanakemia Dora Richardson wa kampuni ya ICI huko Uingereza aliunda kemikali iliyotarajiwa kuwa kidonge cha kuzuia mimba. Katika panya ilifanya kazi, lakini kwa wanawake ilichochea yai kutoka badala ya kuzuia. Ingeweza kutupwa. Arthur Walpole, aliyekuwa kiongozi wa kazi ile, hakukubali, na mwaka 1971 daktari Mary Cole na wenzake wa Hospitali ya Christie, Manchester, walichapisha matokeo ya kwanza kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Baadaye Craig Jordan, aliyefariki mwaka 2024, alitumia maisha yake kuonyesha namna inavyofanya kazi na kwamba inafaa kutumiwa kwa muda mrefu.

Dawa hiyo ni tamoksifeni. Inaingia kwenye kipokezi cha estrojeni kama ufunguo usio wake, unaokaa katika kitasa bila kukigeuza, na estrojeni ya kweli ikifika inakuta mlango umeshikwa. Mwanamke mwenye saratani inayosikia estrojeni akiimeza kila siku kwa miaka mitano baada ya upasuaji, uwezekano wa saratani kurudi hupungua kwa karibu nusu katika miaka hiyo, na uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo hupungua kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Ni kidonge kimoja kwa siku, kimekwisha kuwa nje ya hataza kwa muda mrefu, na kimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kina madhara yake. Hupandisha hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na kwa waliokwisha kukoma hedhi huongeza kidogo hatari ya saratani ya mfuko wa uzazi, kwa hiyo damu yoyote isiyo ya kawaida iripotiwe hospitali. Kwa waliokoma hedhi kuna kundi jingine la vidonge, kama anastrozoli na letrozoli, vinavyozuia kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni ndani ya mafuta ya mwili, maana ovari zikilala mafuta huendelea na kazi hiyo kimyakimya.

Lakini homoni si mbiu pekee mwilini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko St. Louis, Marekani, Rita Levi-Montalcini na mwanabiokemia Stanley Cohen walikuwa wakitafuta kitu kinachofanya neva zikue. Levi-Montalcini alikuwa Mwitaliano aliyefukuzwa kazi na sheria za ubaguzi za Mussolini dhidi ya Wayahudi, akaendelea na utafiti chumbani kwake Turin kwa mayai ya kuku. Katika kazi yao Marekani waligundua kwamba sumu ya nyoka ina kitu hicho kwa wingi, na Cohen akafikiria kwamba tezi za mate za panya zinafanana na tezi za sumu za nyoka. Akawadunga panya wachanga maji ya tezi hizo. Panya huzaliwa macho yamefumba na huyafungua wakiwa na wiki mbili hivi. Hawa waliodungwa waliyafungua wakiwa na wiki moja, na meno yao yakaota mapema.

Mtafiti mwingine angeandika kwamba ni madhara ya dawa, akaendelea na neva zake. Cohen alisimama hapo. Alitenga protini inayohimiza ngozi ya kope kukomaa, ikawa kichocheo cha ukuaji kinachojulikana kwa herufi EGF. Kwa ugunduzi wa vichocheo vya ukuaji Cohen na Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ninalipenda tukio hili kuliko yote katika historia hii, maana dawa zilizofuata zilianzia kwenye macho ya mtoto wa panya yaliyofumbuka kabla ya wakati.

Vichocheo vya ukuaji hutofautiana na homoni kama estrojeni kwa namna vinavyoingia. Estrojeni na testosteroni ni za jamii ya mafuta, hupenya ukuta wa seli na kukutana na kipokezi ndani, kisha wawili hao huenda pamoja kwenye jeni na kuziwasha. Kichocheo cha ukuaji ni protini, hakipenyi. Seli hukiwekea kipokezi kilichopita katikati ya ukuta, kichwa nje na mkia ndani. Kichwa kikishikwa, vipokezi viwili hukumbatiana, mikia yao hupachikana fosfati, na fosfati hizo huamsha protini ya jirani, nayo huamsha nyingine, habari ikapokezanwa kama ndoo za maji watu wanapozima moto, hadi kwenye kiini cha seli. Amri inayofika huko ni moja: gawanyika.

Ndugu mmoja wa familia hiyo ya vipokezi ana tabia ya pekee. Jina lake HER2. Hana kichocheo chake mwenyewe. Amekaa mikono wazi daima, tayari kukumbatia kipokezi chochote kinachopita. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni ya HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, pamoja na wenzake walichunguza vivimbe 189 vya saratani ya matiti na kukuta baadhi vina nakala nyingi kupita kiasi, na wanawake wenye vivimbe hivyo ndio waliokuwa wakirudiwa na ugonjwa mapema na kufa mapema. Leo inakadiriwa kuwa ni asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti. Kingamwili kilichotengenezwa ili kukishika kichwa cha HER2, trastuzumabu, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2005 yalipotolewa matokeo ya wanawake waliopewa dawa hiyo mapema, baada ya upasuaji, kurudi kwa saratani kulikuwa kumepungua kwa karibu nusu. Saratani iliyokuwa ya kuogopwa kuliko nyingi ikawa miongoni mwa zinazotibika vizuri, ila kwa anayeweza kulipia. Bei yake ndiyo iliyowazuia wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki. Imo katika orodha ya dawa muhimu tangu 2015. Mwaka 2019 utafiti wa Uingereza wenye wanawake zaidi ya 4,000 ulionyesha kwamba kwa wengi dozi ya miezi sita inakaribiana sana na ya miezi kumi na miwili. Kwa serikali zinazopanga bima, huo ni utafiti wa kusomwa mara mbili.

Mambo huwa magumu pale mbiu hizi mbili zinaposaidiana. Fosfati zinazopachikwa na vichocheo vya ukuaji zinaweza kukiamsha kipokezi cha estrojeni kikafanya kazi bila estrojeni yenyewe. Kwa hiyo mwanamke anameza tamoksifeni kwa uaminifu, mlango wa mbele umezibwa, na amri inaingia kwa mlango wa uani. Nyakati nyingine jeni ya kipokezi yenyewe hubadilika kikawa kinawaka muda wote. Ndiyo maana wataalamu sasa huunganisha dawa: moja ya kunyamazisha homoni, nyingine ya kukata mnyororo wa ndoo katikati au kuifunga breki ya mgawanyiko wa seli. Palbosiklibu, ya kwanza katika kundi la mwisho, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015.

Saratani ya tezi dume imefundisha jambo hilo kwa ukali zaidi. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyeondolewa korodani, akapata nafuu, kisha saratani ikarudi, aliambiwa kwamba sasa ugonjwa hautegemei tena homoni. Ilikuwa si kweli. Seli zilikuwa zimeongeza masikio. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba vivimbe vilivyorudi vingi vina nakala za ziada za jeni ya kipokezi cha testosteroni, na mwaka 2004 maabara ya Charles Sawyers ilithibitisha katika panya kwamba kuongezeka kwa kipokezi hicho peke yake kunatosha kuifanya saratani iendelee. Seli yenye masikio mengi husikia hata mnong'ono. Na mnong'ono upo, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni kidogo za kiume, na kivimbe chenyewe hujifunza kujitengenezea. Ushahidi mwingine ulikuwa mbele ya macho siku zote. Kile kipimo cha damu cha PSA hupima protini ambayo jeni yake huwashwa na kipokezi cha testosteroni. PSA ikianza kupanda kwa mtu asiye na korodani, maana yake kipokezi kinasikia kitu.

Kutokana na fikra hiyo zilipatikana dawa mbili. Abirateroni, iliyoanzia Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London, huzuia utengenezaji wa homoni za kiume popote mwilini. Katika majaribio yaliyofungua njia ya idhini yake mwaka 2011, wagonjwa waliokwisha kupewa tibakemikali waliishi wastani wa miezi 14.8 badala ya 10.9. Enzalutamidi, iliyofuata mwaka 2012, huziba kipokezi chenyewe. Mwaka 2017 jaribio kubwa la Uingereza liitwalo STAMPEDE lilionyesha kwamba abirateroni ikianzishwa mapema pamoja na tiba ya kawaida, hatari ya kufa hupungua kwa asilimia 37.

Abirateroni ilikuwa ghali kupita uwezo wa karibu kila familia ninayoifahamu. Sasa inatengenezwa na kampuni nyingi na bei imeshuka, ingawa bado si ya mtu wa kawaida. Hapo pana utafiti mmoja mdogo unaostahili kutajwa. Mwaka 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa wagonjwa 36 dozi kamili, vidonge vinne, tumbo likiwa tupu, na wengine 36 wakapewa kidonge kimoja pamoja na kifungua kinywa chepesi. Chakula huifanya dawa ifyonzwe kwa wingi zaidi. PSA ilishuka sawasawa katika makundi yote mawili. Asijaribu mtu jambo hili nyumbani bila daktari wake, lakini madaktari wetu na wizara zetu waulize: robo ya dawa, pamoja na chai na mkate, ni wagonjwa wangapi tungewafikia?

Saratani ya tezi dume inaongoza kwa wanaume wa Kenya na wa Tanzania. Kwa wanawake ya matiti inaongoza Kenya, na Tanzania ni ya pili baada ya ile ya mlango wa kizazi. Duniani, mwaka 2022, wanawake milioni 2.3 waligundulika na saratani ya matiti na 670,000 wakafa. Watu wenye asili ya Afrika wanaguswa mno na jambo hili. Wanaume weusi wa Marekani hufa kwa saratani ya tezi dume kwa kiwango cha mara mbili hivi ya wenzao weupe. Hata hivyo majaribio mengi ya dawa nilizozitaja yalifanyika kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, weupe kwa sehemu kubwa.

Hapa naomba niseme wazi juu ya wauza dawa za mitandaoni. Kila siku napokea tangazo la unga au chai ya "kurekebisha homoni", likiahidi kusinyaza uvimbe wa titi au wa tezi dume. Saratani hizi hazitokani na homoni zilizokosa mizani zikangoja kuwekwa sawa. Kinachotawala ni kipokezi kilicho ndani ya seli iliyoharibika, na hakuna unga wa sokoni uliopimwa ukaonekana unakifikia. Mwanamke anayepoteza miezi minane akinywa chai hiyo hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umehamia kwenye mifupa. Wanaouza wanajua hilo au hawajali kulijua.

Sasa nirudi kwenye kopo.

Kuiuliza saratani kama inasikia hufanyika hivi. Kinyama kilichokatwa hulowekwa kwenye fomalini, kisha hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba sana na kupakwa kingamwili kinachotafuta kipokezi. Kipokezi kikiwepo, kiini cha seli hugeuka rangi ya kahawia chini ya hadubini. Asilimia moja tu ya seli zikigeuka, saratani huhesabiwa kuwa inasikia. Lakini kipokezi ni protini, na protini huoza. Kinyama kinatakiwa kitiwe katika fomalini ndani ya saa moja tangu kukatwa, kikae humo kati ya saa 6 na 72, na fomalini iwe ya kiwango sahihi na ya kutosha. Kikiachwa juani kwenye kaunta, au kikisafirishwa siku sita kwenye basi ndani ya kopo lenye maji ya chumvi, vipokezi hupotea. Maabara itapima kwa uaminifu, itaandika "hasi", na daktari atamwambia mama kwamba kidonge hakitamsaidia.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba wanawake wa Kiafrika wengi wana saratani isiyosikia homoni. Tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2014 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa kusini mwa Sahara wanayo inayosikia, na idadi hiyo ilikuwa kubwa zaidi pale vinyama vilipohifadhiwa na kupimwa kwa utaratibu mzuri. Kuna mama zetu walionyimwa kidonge cha bei nafuu kwa sababu kopo lilichelewa. Hilo linaniuma kuliko uhaba wa dawa ghali, maana fomalini ipo katika kila hospitali yenye chumba cha maiti.

Kile kipande cha nta cha shangazi tulikipata baada ya kufuatilia mara tatu. Kilikuwa kwenye droo, kina namba lakini hakina jina. Maabara nyingine ilikipima: kipokezi cha estrojeni kipo, asilimia 80 ya seli, HER2 hasi. Alianza tamoksifeni wiki iliyofuata. Mwaka wa pili alitaka kuacha, kwa kuwa joto la ghafla lilimsumbua na alijiona mzima. "Baba, nimepona, hiki kidonge cha nini tena?" aliniuliza. Nilimweleza habari ya mbiu na sikio. Anaendelea, na sasa yuko mwaka wa nne.

Ndugu msomaji, ukipelekwa wewe au mtu wako kukatwa kinyama cha titi, uliza siku hiyohiyo kitatiwa fomalini saa ngapi na kitafika maabara lini. Andika namba yake. Majibu yakija, yasipotaja ER (kipokezi cha estrojeni), PR (kipokezi cha projesteroni) na HER2, usiondoke. Omba vipimwe, na kama hapo havipimwi, omba kipande cha nta ukipeleke kwingine. Ukipewa kidonge cha miaka mitano, kimeze miaka mitano.